Jirani Aliyekuwa Akiangusha Ndege

Jirani yangu alikuwa akiangusha ndege tangu asubuhi. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao uliotenganisha chumba changu cha kushonea na chumba chake cha michezo, mtaani kwetu Cibitoke. Injini ilinguruma, ikapungua, ikakohoa, kisha kukawa na kimya kifupi, kisha mlio wa kitu kinachopasuka. Halafu sauti yake, peke yake: "Imeanguka mapema." Akaanza tena.

Mume wangu alikuwa amekufa katika ndege, na jirani alilijua hilo. Kila aliponiona nikipita mlangoni kwake alipunguza sauti ya mashine. Lakini ukuta ulikuwa mbao tu, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili siku nzima nikikanyaga cherehani.

Alikuwa Mkongomani wa Bukavu aliyekimbia vita vya kwao akaja kuvikuta vyetu. Alikuwa na kompyuta mbili, ordinateri kama tulivyoziita. Mchana vijana walikuja kucheza michezo ya mpira na ngumi kwenye hizo. Asubuhi, kabla hawajaja, alifanya kazi yake nyingine, ambayo kwa muda mrefu sikuielewa. Alikuwa na binamu Ulaya aliyependa mchezo mmoja wa ndege za kivita, zile za vita vya zamani vya Wazungu, zenye mapanga yanayozunguka mbele. Binamu huyo alichora ndege mpya, akazitia ndani ya mchezo, akazituma kwenye CD kwa mkono wa abiria. Jirani yangu alizirusha ili ajue kama zinaruka kama ndege za kweli, kisha akaenda mjini kwenye saiba ya intaneti kumwandikia: hii inapanda haraka mno, hii inakata kona bila kupoteza mwendo, hii haianguki hata ukizima injini.

"Kwa nini unaziangusha?" nilimuuliza siku moja, nikisubiri amalize ili nipige pasi. Umeme wetu ulitoka kwenye waya mmoja, na pasi yangu na kompyuta zake havikuweza kuwaka pamoja.

"Dada, ndege unaijua pale inashindwa. Zikiruka muzuri, zote zinafanana."

Alinionyesha. Aliipandisha ndege juu, akapunguza injini, akaishikilia pua isishuke. Saa ya kupimia mwendo ikarudi nyuma polepole. Ikafika mahali mabawa yakatikisika, na ndege ikalala ubavu ikaanguka. Hali hiyo aliiita kwa Kifaransa, dekroshaje: mabawa yanaacha kushika hewa. Kila ndege ina mwendo wake ambao chini yake hewa inaiachia, akasema, na mchezo mbaya ni ule unaoisamehe.

Nilisema ninaelewa. Sikuelewa. Mimi nilimaliza darasa la sita. Lakini lile neno, kuachiwa na hewa, nilirudi nalo chumbani kwangu.

Mume wangu alikuwa mpakizi. Alifanya kazi kiwanja cha ndege, kwenye ndege za mizigo zilizovuka kwenda Kongo na chumvi, sabuni na mapipa ya mafuta. Marubani walikuwa wageni; sisi tuliwaita Warusi wote, hata wasiokuwa. Kule zilikotua hapakuwa na wapakuaji wa kuaminika, kwa hiyo mara nyingine alipanda pamoja na mzigo, akakaa juu ya magunia.

Aliwahi kunieleza kazi yao. Ndege ile mlango wake ulikuwa nyuma, na ukiijaza nyuma kabla ya mbele inataka kuketi kama mbwa. Basi waliweka nguzo chini ya mkia. Walipomaliza kupakia, waliivuta ile nguzo. Ikitoka bila taabu, mzigo umekaa vizuri. Ikibanwa, wanapanda tena, wanasogeza magunia mbele. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chao, hawakuwa na kingine, na kwa miaka kilitosha.

Siku ya ajali ndege iliruka ikaanguka kabla ya kuvuka mto, upande wa Buterere. Walikufa marubani, mume wangu, na mama mmoja mfanyabiashara wa Kinama aliyekuwa amepanda na katoni zake za sabuni. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga walisema pua ilisimama juu, ndege ikalalia bawa la kushoto, ikashuka. Askari mmoja alisema alisikia risasi kwanza. Wenye ndege walikuja wakabeba vyuma, hawakutuambia neno. Na mwenzake mume wangu, yule waliyepakia pamoja akabaki chini, alikuja msibani akaniambia kitu ambacho sikumwomba.

"Nguzo ilitoka, shemeji. Bwana yako aliipiga teke kidogo, njo ikatoka."

"Siku zote alikuwa anapiga teke?"

Alifikiri. "Siku ingine alikuwa anapiga. Siku ingine apana."

Nilikaa na hilo teke karibu mwaka mzima.

Kwetu kilio huondolewa mwishoni mwa muda wa msiba. Ukoo hukutana, na mkubwa wa ukoo husimama mbele ya watu akasema marehemu alizaliwaje, aliishije, na alikufa na nini. Akishalisema neno hilo, chungu cha pombe ya mtama huwekwa katikati na mirija hugawiwa. Anayekunywa amelipokea neno. Anayeuacha mrija chini, kuna jambo kati yake na ukoo ule, na kila mtu ameliona.

Baba mkubwa wa mume wangu ndiye aliyekuwa msemaji. Alikuja chumbani kwangu siku ilipokuwa inakaribia, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka kofia gotini.

"Mukazana," aliniita hivyo, mke wa mtoto wao, "nitasimama pale mbele ya batu. Nitasema mutoto wetu alikufa na nini?"

"Na ndege, baba mukubwa."

"Ndege ni mahali. Mi naulizia kitu kilimuua."

Nilikata uzi kwenye cherehani.

"Nitasema vita," alisema. "Batu batakubali. Vita haina ndugu wenye kukasirika."

"Na kama si vita?"

"Kama si vita ni yeye. Unataka nisimame niseme ni yeye?"

Nilimwambia sitaki. Nilimwambia pia kwamba sitaki aseme jambo asilolijua juu ya mtu ambaye hawezi kumsahihisha. Akanitazama kama ninayemwomba maji mahali pasipo na kisima. "Utafute basi," alisema akiinuka. "Ukipata, uniambie mbele ya siku ya kilio."

Alikuwa anamwogopa binti wa yule mama wa Kinama. Mimi pia nilimwogopa. Binti huyo aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Zamani tulisalimiana, lakini tangu ajali aligeuza uso kila nilipofika, na mara moja aliongea na mwenzake kwa sauti ya kunifikia mimi: "Kuko batu banapakiza ndege kama lori ya mihogo. Halafu bao pia banalia." Kama baba mkubwa angesema vita, binti angeuliza. Na kama asingekunywa, kifo cha mume wangu kingebaki kesi.

Kesho yake asubuhi nikabisha kwa jirani.

"Naomba uangushe ndege yetu," nilimwambia.

Hakujifanya kutoelewa. Alizima sauti, akanivutia kiti cha mchezaji wa pili.

"Dada, huu ni muchezo. Hizi ndege zinabeba bomu. Hazibebe chumvi."

"Bomu si muzigo?"

"Ni muzigo," alisema.

Akachagua ndege ya mabomu yenye injini mbili, akaijaza. Ilikimbia uwanjani muda mrefu, ikainuka kwa shida, ikaruka. Akasema hii haituambii lolote, mabomu yamekaa katikati. Akatoka kwenye mchezo, akafungua ukurasa wa namba ambao binamu yake aliandikia ndege ile. Akanionyesha namba moja kwa ncha ya kalamu. Hapo ndipo uzito unapokaa, alisema. Nikiibadilisha hivi, unarudi nyuma. Akaibadilisha.

Ndege ilikimbia tena. Safari hii iliinuka yenyewe, upesi, kama imeitwa. Pua ikapanda. Jirani alisukuma usukani wake mdogo, uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, akausukuma hadi mwisho, na pua haikumsikia. Saa ya mwendo ikarudi nyuma. Bawa la kushoto likalala.

"Rudia," nilisema.

Ilianguka tena, kushoto.

"Kwa nini kushoto?"

"Mapanga yanazungukia upande moja. Yanaivuta."

"Na ile ya kwetu, yalikuwa yanazungukia wapi?"

"Sijue, dada."

Nilijua sasa, au nilidhani nimejua. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya magunia, magunia yakarudi nyuma, naye akawa anayavuta kwa mikono. Nilimwona. Nilianza hata kutunga nitakavyomwambia baba mkubwa.

Lakini jirani hakuwa amemaliza. Alikuwa na tabia ya kazi yake: jambo moja hulipimi peke yake. Akarudisha uzito mahali pake, akairusha ile ndege, kisha akamwacha adui wa mchezo aje nyuma yake ampige. Kwani mchezo ulikuwa wa vita. Hilo ndilo jambo mchezo ule ulilolijua kuliko yote. Injini ya kushoto ikawaka moto na kusimama. Yeye, badala ya kushusha pua, aliishikilia juu kama mtu aliyeshtuka. Bawa la kushoto likalala.

Aliisimamisha picha, akaizungusha ili tuione kutoka chini, kutoka mbali.

"Mutu mwenye iko mu mpunga," alisema, "hii na ile anaziona moja."

Ni kweli. Sikuweza kuzitofautisha. Na katika anguko hili mume wangu alikuwa amekaa tu juu ya magunia yake, hajui lolote, labda anachungulia dirishani.

Nikamwomba arudishe uzito nyuma, lakini kidogo kuliko mara ya kwanza. Ndege ilipanda ikiyumba kama mlevi anayejua njia ya kwao. Nilisubiri. Haikuanguka. Ilivuka mwisho wa uwanja, ikavuka mashamba, ikaenda. Nilimwambia aiache, na tukaitazama ikiwa ndogo.

"Kwa hiyo hakufanya vibaya?"

Aliweka usukani mezani. "Dada, nisikudanganye. Ile namba ya kwanza niliitafuta mi. Niliweka yenye najua itaiangusha. Hii nayo niliweka mi. Ukitaka ianguke, inaanguka. Ukitaka iruke, inaruka."

"Lakini unazipima. Kila siku unazipima."

"Napima mwendo, kona, kupanda. Hayo kuna vitabu, unalinganisha. Uzito wa nyuma binamu alikisia tu. Aliniandikia mwenyewe. Nani anacheza muchezo wa vita akapakia vibaya?"

Nikamweleza habari ya nguzo na teke. Alisikiliza vizuri. Nikamuuliza nguzo iliyotoka kwa teke ni namba gani.

Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Alitazama ule ukurasa wa namba muda mrefu, akipandisha na kushusha, kana kwamba huenda binamu aliiweka mahali akasahau.

"Haina namba," alisema.

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Nilikuwa nimeingia kwake na kifo kimoja, nikatoka na vingi, na katika kila kimoja mume wangu alikuwa akifanya jambo tofauti. Nilishona mkono wa blauzi ukageuka ndani nje, nikaufumua. Nilijiuliza kwa nini nilimwamini mtu mwenye mchezo kuliko askari aliyekuwepo. Labda kwa sababu jirani aliangusha mara nyingi na kila mara akasema ni kwa nini. Sijui. Siku ile nilijua mambo mengi zaidi kuhusu ndege, na kuhusu mume wangu nilijua machache kuliko nilivyojua asubuhi.

Baba mkubwa alipokuja nilimwambia nimekosa.

"Umekosa nini?"

"Neno. Nimetafuta nimekosa. Useme hatujui."

"Mutu anakufa na kitu, mukazana. Hakuna mutu alisimama akasema hatujui. Batatucheka."

Siku ya kuondoa kilio tulikusanyika kwa wakwe zangu, Kinama, mapema, ili watu wawahi kurudi kabla barabara hazijafungwa. Milimani walikuwa wanapigana, kwa mbali. Tulisogeza benchi upande wa ukuta, tukaendelea. Chungu kiliwekwa katikati, na soda pembeni kwa watu wa kanisa. Binti wa yule mama alikuja. Alikaa karibu na lango, na kikapu chake cha sokoni hakukiweka chini.

Baba mkubwa alisimama. Alisema mtoto wao alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, alikuwa mpole, alioa vizuri, na hapo alinielekezea mkono. Alisema alikuwa mwanamume wa kazi. "Na ndege yake ilipigwa. Vita njo ilimuua, sawa na wengine wengi munaowajua."

Watu walianza kunyoosha mikono kupokea mirija.

"Nani aliiona, hiyo risasi?" Binti aliuliza akiwa ameketi.

"Ilisikika," alisema baba mkubwa.

"Kusikika, hata sasa inasikika."

Ilikuwa kweli, ilikuwa inasikika. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Mjane siku hiyo hana sehemu ya kusema, anasemewa. Nikasema, "Hatujui."

Sauti ilitoka ndogo. "Anasema nini?" mtu aliuliza nyuma. Nikarudia.

"Mukazana," alisema baba mkubwa, taratibu, kama anayemwita mtoto aliyesogelea moto.

"Inaweza ni risasi," nilisema. "Inaweza ni injini. Inaweza ni magunia. Kama ni magunia, ni mukono wake na wa mwenzake. Sijui ni ipi. Nilitafuta."

Mama mkwe alijifunika uso kwa kitambaa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote yaliyofuata.

"Ulitafuta wapi?" aliuliza binti.

Ningeweza kusema kwa watu wa uwanja wa ndege. "Mu muchezo wa ordinateri," nilisema. "Kwa jirani yangu. Tuliangusha ndege tuone."

Mmoja alicheka, kisha wengi. "Kesho tuulizie karata," alisema mzee mmoja, na hata waliokuwa wanalia walicheka. Binti hakucheka. Alinitazama tu, mara ya kwanza tangu ajali.

Baba mkubwa alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa amekasirika, nilimwona shingoni. "Basi," alisema. "Mutoto wetu alikufa na kitu hatukijue. Mukewe amesema. Munywe."

Walikunywa, wengine. Wengine walisema njiani kwamba kilio kile hakikuondolewa, kilihamishwa tu. Mama mkwe hakunisemesha kwa miezi mingi. Binti hakushika mrija, lakini hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho, kikapu gotini, na sikujua nihesabu hilo kuwa nini.

Baadaye, siku ya soko dogo, alikuja Cibitoke. Alisimama mlangoni kwangu, hakusalimu.

"Nionyeshe," alisema.

Nilimpeleka kwa jirani, nikamweleza huyu ni nani. Jirani alisimama, akampa kiti chake mwenyewe, akauliza aanze na ipi.

"Ile yenye haianguki."

Aliiweka ile namba ndogo. Ndege ilipanda ikiyumba, ikavuka mashamba. Binti alisogea karibu na kioo.

"Batu banakaa wapi?"

Jirani alimwonyesha ndani: viti vya wanajeshi mbele, saa, usukani. Nyuma yao hakuna kitu. Binamu hakuchora nyuma.

"Basi mama haiko humu."

"Haiko."

Aligeuka kwangu. "Na bwana yako?"

"Haiko," nilisema.

Alitaka kuona zile zinazoanguka. Jirani alinitazama, nami nikatikisa kichwa kukubali. Aliangusha kwa uzito, akaangusha kwa moto, akaangusha tena kwa uzito. Binti aliangalia zote bila kufumba jicho, mikono imeshika kikapu. Mimi sikuangalia kioo, niliangalia mikono yake, na sikuweza kujua ni ndege ipi inaanguka.

"Hii na ile," alisema mwishoni, "mi sioni tofauti."

"Hata mi," nilisema.

Aliinuka, akamshukuru jirani, akaondoka ili awahi Kinama.

Tangu hapo ananisalimu sokoni. Anasalimu kwa mdomo, hanipi mkono. Nami sijamwomba.